Mke wa Kilimani

Kiangazi kilikuwa kikali, mabomba yakitoa hewa tu, lakini shati la fundi saa lilirudi nyumbani limelowa bega la kushoto, likinuka udongo ulionyeshewa mvua. Mke wake mkubwa alilinusa mara mbili. Akakumbuka alichoambiwa na muuza magazeti: mumewe kila alasiri hufunga kibanda, hupanda bustani ya kilimani, pale watu wanapokwenda kutazama jiji lote, hukaa benchi la juu kabisa akizungumza na mwanamke.

"Miaka kumi na tisa naomba anipeleke huko, naambiwa magoti yanamuuma," Bi Mkubwa alimwambia mke mwenzake jikoni, kwa sauti ya chini. "Kwako yamepona?"

Bi Mdogo aliacha kumenya viazi. "Dada, mimi nilidhani anakupeleka wewe. Mwezi mzima nimekununia kwa hilo."

Wakatazamana. Wivu uliokuwa kati yao ukageukia upande mmoja.

Kesho yake wakamfuata. Chini magari yalipigiana honi, juu watu walipigana picha. Fundi alikaa peke yake. Lakini bega lake la kushoto lilikuwa limebonyea kama lililoegemewa na kichwa, na kando ya miguu yake nyasi zilikuwa zimelala mahali pa nyayo mbili nyingine, na yeye alikuwa akicheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho Bi Mkubwa hakuwahi kupewa hata siku ya harusi, mpaka wivu ukamsahaulisha kuogopa. Ndipo mumewe akageuka, akawaona, akainamia ule upande mtupu na kunong'ona, "Hao? Dada zangu hao."

Jioni hiyohiyo wakaita mganga. Alifukiza, akasoma, akanyunyiza maji, na kinywani mwa fundi ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na hasira: "Mnamfukuza nani? Wa kwanza ni mimi." Kisha fundi akaanguka, akalala fofofo. Mganga akasema jini amekwisha kutoka, akakusanya vitu vyake, akaondoka haraka.

Fundi alipoamka walimpa chai. Bi Mkubwa ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Kabla yangu ulioa?"

Fundi aliweka kikombe chini. "Nilikuwa kijana. Nilipitiwa na usingizi kule juu. Mwanamke akaniuliza kama nitamwoa. Nilidhani naota, nikasema ndiyo."

"Ulimpa talaka?"

Fundi akatikisa kichwa.

Bi Mdogo aliinuka taratibu, akafunga mlango kwa komeo, akarudi kukaa, akamshika Bi Mkubwa mkono, na wakiwa hivyo, wote watatu chumbani, wakasikia jikoni vyombo vinaanza kuoshwa, polepole, kimoja kimoja, kama afanyavyo mtu aliye kwake.