Kitanda cha Picha

Shuka lilikuwa na joto. Ngurumo aliligusa tena, maana mkono wa muuguzi aliyechoka humdanganya mwenyewe. Joto lile lile. Mto nao ulikuwa umebonyea katikati, kana kwamba mwenye kichwa kanyanyuka sasa hivi kwenda msalani. Na kitanda hiki cha mlangoni hakikulaliwa na mtu! Kazi yake ilikuwa kupigwa picha.

Ndiyo, picha. Meli ile ya hospitali ilizunguka bandari kwa bandari ikitibu watu bure, na kila ilipofunga kamba, wafadhili walipanda na kamera zao wakakuta kitanda kimoja kimetandikwa kama cha bibi harusi, shuka limenyooka hadi nzi angeteleza avunjike mguu. Wagonjwa wakabanana huko ndani. Hiki, mwiko.

Ngurumo aliitwa hivyo kwa sauti yake: akicheka jikoni, vikombe vinaitikia wodini. Alijitolea melini kwa sababu moja tu, kwamba safari ingefika bandari ya kwao. Huko alikuwako shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota jino, mwenye uvimbe shingoni mkubwa kama papai. Sasa walikuwa wamefika. Kupitia dirisha la duara alimwona kwenye foleni, amekalia kandambili zake, mdomo wazi akitafuta hewa.

"Hakuna kitanda," Matroni, mkuu wa wauguzi, alisema bila kuinua macho. "Labda kesho kutwa."

"Hafiki kesho kutwa. Anapumua kama filimbi. Na kile cha mlangoni?"

"Kile cha wageni. Wanakuja alasiri."

"Wageni wanaumwa nini?"

"Sista, punguza sauti."

Apunguze sauti! Si aiambie bahari ipunguze chumvi?

Mfuaji wa meli alimvuta pembeni, kapu la shuka tumboni kama mimba. "Dada, kile usikiguse," alinong'ona. "Bandari iliyopita alilazwa hapo kwa dharura mama mmoja, uso umeharibika. Wageni walipokaribia, Matroni akamwambia, 'Pisha, mama, ni kwa muda mfupi tu.' Akatolewa koridoni. Chai ya wageni haijapoa, mama wa watu keshakata roho. Tangu siku hiyo nafua shuka ambalo halijalaliwa, na maji yanatoka meusi."

"Na hiyo harufu ya udongo inayotoka kitandani?"

"Wa kaburi. Katikati ya bahari! Unadhani nimeulima mimi?"

Mtu mwingine angeogopa. Ngurumo alipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Alishuka ngazi kwa kishindo, akamtia shangazi mgongoni.

"Mwanangu, nitakuvunja kiuno."

"Nyamaza, shangazi. Ulinibeba nikikukojolea. Leo zamu yangu."

Alipofika kitandani na kuvuta blanketi, halikuvutika, na alipotazama vizuri aliliona likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, taratibu kama kifua cha mtu anayejifanya amelala, na harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani na kooni, na chini ya shuka lile jeupe kitu kikajikunja, kikajivuta ukutani kama mtoto anayekataa kuamshwa, huku shangazi mgongoni akikoroma pumzi zake za mwisho mwisho, hata Ngurumo asijue filimbi ipi ni ya aliye hai na ipi ni ya mfu.

"Hata wewe?" alifoka. "Wewe uliyenyimwa, nawe unanyima? Pisha, mama! Ni kwa muda mfupi tu!"

Blanketi likalala. Shuka likapoa papo hapo, na Ngurumo akamlaza shangazi. Kapu likamponyoka mfuaji pale mlangoni, maana yeye aliyasikia maneno yale. Ngurumo mwenyewe hakutambua kuwa karudia ya Matroni.

Daktari wa upasuaji alikuja mbio. "Nani kamlaza hapa?"

"Mimi. Mpasue kwanza, kisha mnifukuze."

Daktari akamtazama mgonjwa, midomo imeanza kubadilika rangi, akaita machela. Matroni alifura kama andazi, lakini aliyekwisha kupasuliwa hawezi kurudishwa foleni. Wageni walipofika, Ngurumo alisimama mlangoni kama kabati. Wakaishia kupiga picha maua.

Jua likiwa bado dirishani, shangazi, aliyerudishwa kitanda kile kile, alifumbua macho. Shingo ilikuwa nyembamba chini ya bandeji, pumzi laini, bila filimbi. Ngurumo akalia na kucheka kwa pamoja.

"Shangazi! Umerudi!"

"Sista," mgonjwa alisema, "wale wa kamera wameshaondoka?"

Ngurumo akamwinamia. Tangu azaliwe, shangazi hajawahi kumwita ila mwanangu. Na habari za wageni hakuna aliyempa.

"Ni mimi, shangazi. Mwanao."

Mkono ulimshika. Ulikuwa wa baridi, na kwenye kucha, ambazo Ngurumo mwenyewe alizisugua kabla ya upasuaji, palikuwa na udongo.

"Shangazi yako ni mtu mpole sana," sauti ikasema. "Hakubisha hata kidogo. Nilimwambia apishe, ni kwa muda mfupi tu."

Nje ya mlango, kwenye korido tupu, mtu alikuwa anapumua kama filimbi.