Dawa Aliyoandikiwa Mama

Nyumbani kwetu siku ilianza kwa kelele. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi Mama alikuwa ameshamgeuza Bibi, amembadilisha nepi, amebandika maji ya kumwogesha, na ameshanigombeza mara mbili: mara ya kwanza kwa kuchelewa kuamka, mara ya pili kwa kuamka na kusimama njiani. Nilikunywa chai yangu nimenuna. Chai ilikuwa na chumvi badala ya sukari, tena kwa mara ya tatu wiki ile. Sikusema kitu, maana mara ya pili niliposema nilichapwa kwa taulo bichi.

Bibi ni mama yake Baba. Miezi minane kabla, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, kikamwacha na mkono mmoja, mguu mmoja na neno moja. Neno lenyewe ni "bado". Ukimuuliza kama ana njaa, bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Kitanda chake tulikiweka sebuleni, pale ilipokuwa cherehani ya Mama. Zamani Mama alishona sare za shule za nusu ya mtaa. Sasa cherehani ilisukumwa kwenye kona, ikafunikwa shuka, na juu yake tukapanga nepi. Baba ni dereva wa lori la safari ndefu. Hurudi kila baada ya wiki tatu, hukaa siku mbili, na moja kati ya hizo huimalizia kitandani.

Mama hakutaka mtu amguse Bibi. Nikishika shuka nimsaidie kumgeuza: "Toka, utamtegua." Nikichukua kijiko nimlishe: "Toka, utampalia." Nikikaa kitako, basi mimi ni mvivu nisiye na mfano. Nilikuwa na hasira naye, na papo hapo nilikuwa namwonea huruma, na sikujua nianze na lipi.

Halafu alikuwepo Shangazi. Yeye ni dada yake Baba, mtoto wa kwanza wa Bibi. Moyoni nilimwita Mkaguzi. Alikuja kila Jumapili alasiri na mkoba begani, na mkoba huo hakuwahi kuutua. Alipitisha kidole juu ya meza. Alinusa shuka. Aliinua mkono wa Bibi akakagua kucha moja moja.

"Wifi, mama yangu amekonda."

"Sawa, wifi," Mama alijibu, meno yamebanana.

Jumapili moja Shangazi alisema akiona jeraha hata moja kwenye mwili wa mama yake, atamchukua siku hiyo hiyo, na ukoo mzima utaambiwa sababu. Yeye mwenyewe anaishi ghorofa ya nne, ngazi tupu, sijui angempandishaje. Lakini maneno yale yalimchoma Mama. Tangu siku hiyo alizidi kufanya kila kitu peke yake, na alizidi kuwa mkali.

Ikafika Alhamisi. Kila asubuhi, kabla ya kumwogesha Bibi, Mama hutumbukiza kiwiko kwenye maji kupima joto. Vidole vyake vimekuwa sugu kwa sufuria na pasi, kwa hiyo havitegemeki. Asubuhi ile nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilimwona akimimina maji kwenye beseni, akalinyanyua, akasimama nalo katikati ya chumba amefumba macho. Alikuwa amelala wima. Kisha akashtuka, akaliweka beseni kitandani, akauinua mguu wa kushoto wa Bibi na kuutia majini. Kiwiko alikisahau.

Bibi hakulia. Mguu ule hausikii kitu. Mimi ndiye niliyeuona mvuke.

"Mama, maji ya moto hayo."

Aliutoa haraka, lakini ngozi ilikuwa imeshakuwa nyekundu kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo. Mama akakimbilia dawa ya meno, akaupaka mguu mzima. Nilipotoka shule jioni, malengelenge yalikuwa yamevimba. Mama alinishika mabega yote mawili.

"Sikiliza wewe Kipaza." Mtaani wananiita Kipaza Sauti, kwa sababu nikijua jambo saa mbili, saa tatu dukani wanalo. "Hili likitoka nje ya mlango huu, bibi yako anachukuliwa, na mimi naitwa muuaji. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Ijumaa nikanyamaza. Jumamosi nikanyamaza, ingawa mguu ulianza kunuka na Bibi alikuwa na joto. Nilimwambia Mama tumpeleke zahanati, akaniambia nifunge mdomo. Nikipita karibu na kitanda, Bibi alinitazama, akautazama mguu wake, akasema "bado".

Jumapili Mkaguzi akaingia. Mama alikuwa amemfunika Bibi shuka mpaka kidevuni, na kulikuwa na joto la kutoa jasho. Shangazi akasimama mlangoni, pua juu.

"Kuna harufu humu."

"Ni nepi, wifi."

"Nepi naijua. Hii si nepi."

Mama akanitupia jicho. Nilijua nikifungua mdomo ninamkabidhi mama yangu kwa mtu anayemchukia. Nilijua pia nikiendelea kunyamaza, mguu wa Bibi utaoza mbele ya macho yangu. Sikufungua mdomo. Nilikwenda kitandani nikaivuta shuka.

Shangazi aliuinamia ule mguu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Umemchoma mama yangu. Umemchoma, halafu ukamfunika."

Mama alisimama mikono inaning'inia. Hapo ndipo mimi nilipopandwa na hasira.

"Na wewe ulikuwa wapi, Shangazi? Unakuja na mkoba begani, unanusa, unaondoka. Lini umemgeuza?"

Nimelelewa nisimjibu mtu mzima hivyo, na nilingoja kofi. Halikuja. Shangazi aliniambia, "Muulize mama yako. Mwezi wa kwanza nilikuja hapa nimekunja mikono ya gauni, nimwogeshe mama yangu mwenyewe. Alininyang'anya kitambaa. Akaniambia sijui hata kukamua. Ndiyo maana siutui mkoba."

Nikamgeukia Mama akanushe. Hakukanusha.

"Ulikuwa unamtia maji sikioni," alisema polepole.

Shangazi akampigia simu nesi wa zahanati ya mtaa. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na hakuficha kwamba amekasirika. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea. Aliinama juu ya mguu akauliza, "Nani kapaka hii?"

"Mimi," alisema Mama.

"Dawa ya meno ni ya meno. Mguu huu una meno? Mtu akiungua unammiminia maji safi ya baridi ya kawaida, dakika ishirini, unalifunika jeraha kwa kitambaa safi, unakuja kwangu. Wewe umefanya nini? Umepaka, umejificha."

Aliusafisha mguu, akaufunga bendeji, akamchoma Bibi sindano, huku mimi nikimweleza yote, tangu chumvi kwenye chai na taulo mpaka kiwiko kilichosahaulika. Kisha akasema, "Utapona, na nitakuja kila siku kuuangalia. Mngengoja siku mbili zaidi, nisingewaahidi."

"Nataka uandike kwamba yeye ndiye aliyemchoma," alisema Shangazi.

"Nitaandika. Subiri." Nesi akatoa kipimo cha presha, akamfunga Mama mkononi.

"Mgonjwa ni yule," alisema Mama.

"Yule nimeshamwona." Akapima. Akapima tena. Kisha akampima Bibi. "Mgonjwa ana mia na thelathini. Anayemtunza ana mia na themanini. Haya niambieni, nimeitwa kwa ajili ya nani? Mama, unalala kwa saa ngapi?"

"Nalala tu vizuri."

"Sijauliza vizuri. Saa ngapi mfululizo?"

Mama akatazama sakafu. "Mbili. Namgeuza kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo."

"Kwa miezi minane. Na watu wengine humgeuza lini?"

Shangazi alitazama mkoba wake. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Bado," alisema Bibi kutoka kitandani.

Nesi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakupunguza ukali hata kidogo.

"Nisikilizeni, kwa sababu sirudii. Huyu mama hakumchoma mgonjwa kwa ubaya. Amechoka mpaka akili inazimika amesimama. Chumvi kwenye chai, kelele, kupiga mtoto, kusahau kiwiko, zote ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mama, kosa lako ni kudhani kuomba msaada ni aibu, na wanaotaka kukusaidia unawafukuza. Dada, kosa lako ni kukubali kufukuzwa mara moja, ukageuka mkaguzi." Nilishtuka, lile jina sikuwahi kumwambia mtu. "Anayetunza mgonjwa lazima ale, alale, atoke nje, apokewe zamu na wenzake. Asipotunzwa na yeye, mgonjwa anaanguka pamoja naye. Mmeshaona kwa macho yenu."

Akachukua karatasi ile ile anayoandikia dawa, akaandika, akampa Shangazi. Shangazi akasoma kwa sauti: "Kulala usiku, saa saba mfululizo. Kutoka nyumbani bila mgonjwa, mara mbili kwa wiki, saa tatu kila mara. Kula ameketi. Kupima presha, kesho asubuhi." Akainua uso. "Sasa dawa hii inapatikana wapi?"

"Kwako, dada," alisema Nesi. "Na kwa kaka yako, siku mbili anazokuja, badala ya kulala yeye. Na usiku, mtapokezana."

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye uliyevuta shuka?" Nikaitikia. "Umeokoa mguu. Wanakuitaje?"

"Kipaza Sauti."

"Vizuri. Karatasi hii ibandikwe ukutani. Kila asubuhi uisome, na wakusikie."

Alitufundisha sote watatu namna ya kumgeuza Bibi, akatusimamia mpaka tukaweza. Shangazi akahamia kwetu wiki ile. Wawili hao waligombana kuhusu mto, kuhusu uji, kuhusu dirisha. Lakini usiku walipokezana, na mara ya kwanza Mama alipolala saa saba mfululizo, aliamka uso umevimba kama mtoto.

Jumanne, nilipotoka shule, Shangazi aliutua mkoba na kumwambia Mama atoke. Mama alivaa viatu, akasimama mlangoni. "Uangalie sikio."

"Toka, wifi."

Dakika kumi na tano hazijaisha Mama amerudi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Saa tatu hazijaisha," Shangazi alisema kutoka ndani. "Nenda ulikokuwa."

Mama aliketi kwenye ngazi, hajui pa kwenda. Miezi minane ilimsahaulisha. Mwishowe nilitoka nikamshika mkono, nikampeleka kwa msusi aliye mtaa wa pili, na huko akacheka, kicheko kile cha zamani. Tuliporudi, Shangazi alifungua mlango, gauni limelowa mpaka begani, kilemba kimelegea.

"Mzito," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unafanya hivi peke yako."

"Ndiyo."

"Mguu sijakusamehe."

"Na mimi pua yako sijaisamehe."

"Basi tuko sawa. Ijumaa tena utoke."

Mguu wa Bibi umepona, umebaki na kovu. Shangazi alirudi kwake, lakini kila Jumanne na Ijumaa yupo, na Baba akija, ni yeye anayeshika beseni. Mimi pia namgeuza Bibi, na sijamtegua. Cherehani imevuliwa shuka.

Asubuhi nyingine Mama hujaribu kukwepa. Juzi Ijumaa alisema ana shughuli nyingi, leo hatatoka. Nikasimama mbele ya ukuta nikaisoma karatasi yote, kwa sauti, mpaka jirani akagonga dirisha.

"Kelele zako hizo," alisema Mama, akatafuta viatu vyake.