Mfuaji wa Saa Nane

Siku ya kwanza Britta Haugen alidhani ni baridi tu. Aliamka kutoka usingizi wa mchana, akanyoosha mkono kuchukua daftari lake la Kiitaliano, akaona vidole vyake vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda akifua. Naye alikuwa amelala mikono mikavu, chini ya mablanketi mawili.

Ilikuwa Februari, wiki ya tatu tangu aje Perugia kusoma muhula mmoja. Kwao Wisconsin alikulia zizini, akikamua ng'ombe kabla ya mapambazuko tangu ana miaka minane, kwa hiyo hakuwa mtu wa kulalamikia uchovu. Lakini mji huu ulimchosha. Ngazi kwenda chuoni, ngazi kwenda kununua mkate, ngazi mia na kumi mpaka kwa Bibi Ersilia, mjane aliyewapangisha yeye na mwenzake Camille. Camille alipewa kichumba kando ya jiko. Britta alipewa chumba kikubwa. Bibi Ersilia alimchagulia mwenyewe.

Kila siku baada ya chakula cha mchana mji mzima ulifunga madirisha ya mbao na kunyamaza. Bibi Ersilia hakuwa na mzaha na saa hiyo.

"Lala, binti yangu," alikuwa akisema huku akikusanya sahani za dengu. "Saa nane si ya watu."

Britta akalala, na kila alipolala aliamka amechoka kuliko alivyolala. Mabega yalimwuma. Magoti yalianza kuwa na sugu. Ngozi ya viganja ikapasuka, na chumba kikabaki na harufu ya jivu na maji machafu, harufu ambayo hata kufungua dirisha kwa upepo wa mlimani hakukuiondoa. Darasani alisinzia mbele ya picha za watakatifu. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa. Akajibu, "Hapana, niko sawa tu," kama alivyozoea kujibu maisha yake yote.

"Sawa wapi?" Camille alimsema wakishuka pamoja. Camille alitoka Louisiana, na mdomo wake haukujua kupumzika. "Shoga yangu, umekonda mpaka nguo zinakuuliza unazipeleka wapi. Unafanya nini mchana?"

"Nalala."

"Na hiyo mikono?"

Britta akaificha mifukoni. "Sijui, Camille. Kweli sijui."

Siku iliyofuata Camille hakulala. Alikaa kwenye korido, mgongo ukutani, mlango wa Britta ukiwa wazi kidogo. Kengele za kanisa ziligonga saa nane. Kisha akasikia, pa, pa, pa, sauti ya nguo nzito ikipigwa juu ya jiwe, ikitoka wapi haijulikani, na kabla hajajua kama inatoka uani au ndani ya kuta zenyewe, Britta akatoka chumbani amefumba macho, miguu mitupu, akampita bila kumgusa, akaingia bafuni, akapiga magoti kando ya hodhi la kuogea, akaanza kufikicha na kukamua, kufikicha na kukamua, na mikononi mwake hamkuwa na nguo yoyote, lakini maji yaliyokuwa yakimtiririka kwenye viwiko yalikuwa ya kijivu, na yalinuka.

Mdomo wa Britta ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa kike, katika lahaja ya vijijini ya zamani.

"Ndiyo, bibi. Bado mbili, bibi. Nakuja."

Camille alijiuma kiganja asipige kelele.

Jioni walimkabili Bibi Ersilia jikoni. Camille alisimulia kwa kunong'ona, maana hakuna aliyethubutu kupaza sauti ndani ya nyumba ile. Bibi kizee alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Britta kuliko maji.

"Anaitwa Argia," Bibi Ersilia alisema. "Alikuwa mfuaji wa bibi yake mama yangu. Wenye nyumba walilala mchana, yeye alifua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku moja ya Januari alishikwa na homa, akaomba akae kidogo. Akaambiwa amalize kwanza. Walipoamka walimkuta amelala juu ya mashuka, amekwisha kuwa baridi."

"Na ulijua?" Britta akauliza. "Ulijua, ukaniweka kile chumba?"

Bibi Ersilia alitazama meza. "Chumba kikiwa kitupu, huja kwangu. Miaka sita nilimfulia, mwanangu. Nina miaka themanini na moja. Nilichoka."

Camille akainuka, kiti kikaanguka. "Tunafunga mizigo! Sasa hivi!"

"Mkiondoka kazi yake itawafuata," alisema bibi. "Yule msichana wa kabla yenu alirudi kwao Osaka. Aliniandikia. Bado anafua."

Asubuhi Bibi Ersilia alimleta Nunziata, mwanamke mnene wa bondeni aliyeuza mboga za porini sokoni na kuwaondolea watu jicho baya la husuda. Alihema sana kwa sababu ya zile ngazi, akaomba sahani ya maji na mafuta ya zeituni. Wakangoja kengele. Saa nane ilipogonga, Nunziata alidondosha tone la mafuta majini. Badala ya kuelea, lilizama kama kijiwe. Britta, aliyekuwa ameketi macho wazi, akahisi mtu mdogo, mwenye baridi, akimwegemea kwa ndani.

"Nani wewe?" Nunziata akauliza.

"Argia."

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Kisha ile sauti nyembamba ikasema, "Nimechoka. Nataka kukaa."

Nunziata akajifuta macho kwa pindo la aproni yake. "Huyu hafukuzwi," alimwambia Bibi Ersilia. "Huyu hupumzishwa. Waliomnyima ruhusa ni ukoo wako. Mpe wewe."

Bibi Ersilia alipiga magoti kwa tabu, akishika ukingo wa meza. "Argia," alisema, "kaa, mwanangu. Inatosha."

"Na nguo, bibi? Atafua nani?"

Nunziata alifungua mdomo kumkataza, lakini alichelewa.

"Mimi," alisema Bibi Ersilia.

Ile baridi ikamtoka Britta kama meno yaking'olewa. Alilala hapo hapo mezani, akalala siku nzima na usiku wake, usingizi wa kweli wa kwanza kwa majuma mengi.

Wasichana wakahamia bweni la chuo, na muhula ukaisha Mei. Mikono yake ilipona, mitihani akaipita, Camille akatangulia kurudi kwao. Siku yake ya kuondoka, saa nane mchana, Britta alipanda kumuaga Bibi Ersilia, akakuta nyumba imefungwa madirisha. Alimkuta bafuni. Bibi kizee alikuwa amepiga magoti, macho wazi, nywele zimemganda usoni, akifikicha na kukamua maji ya kijivu.

Britta alitupa begi chini. "Bibi! Inuka, jamani. Niache nikusaidie—"

"Nyamaza!" Bibi Ersilia alinong'ona bila kugeuka. "Usilitamke neno hilo humu ndani. Mimi nilijitolea kwa neno moja tu."

Jikoni, kiti kilitoa mlio, kama mtu aliyekuwa ameketi amegeuka ili asikie vizuri zaidi.

Britta alisimama mkono mdomoni. Mgongo wa yule bibi ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka. Kisha akaokota begi lake taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akashuka ngazi zote bila kusema kwaheri.