Bakuli la Maji Kando ya Jiko

Kwetu milimani Mokhotlong, mtoto akizaliwa, tete la mtoni huchomekwa juu ya mlango, kwenye nyasi za paa. Maana yake kila mtu anaijua: humu mna mzazi na kichanga, mwanamume asitie mguu. Hata baba wa mtoto hungoja nje.

Mwezi wa Julai, ambao kwetu ni katikati ya majira ya baridi, tete lilikuwa juu ya mlango wa Khauta. Mkewe, Nthati, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mama mkwe wake, Mama Khauta, ndiye aliyewalea wote wawili. Mama huyu ni hodari wa kazi na mgumu wa kuambiwa. Alipika uji, alifua nepi, alimkanda mkwe wake, na bado alipata nafasi ya kugombana na kuku.

Khauta mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameteremka bondeni na pikapu yake kununua mahitaji ya mtoto, theluji ikamkatia njia.

Theluji ilianguka usiku kucha na asubuhi yote. Nyumba ya Khauta ni ya mawe, na mlango wake haujakaa sawa, kwa hiyo baridi ilipenya kila mahali. Mama Khauta akawasha jiko la debe huko nje, lile lililotobolewa matundu ubavuni. Akangoja moshi uishe. Makaa yalipokuwa mekundu kabisa, akalibeba jiko na kuliingiza ndani. Kando yake akaweka bakuli lake la bluu, limejaa maji. Wengi wetu tulifanya hivyo. Tuliamini kwamba ubaya wa makaa ni moshi, na kama kuna ubaya unaobaki, maji yataunywa.

Kisha akaziba upenyo wa mlango kwa blanketi, na dirisha kwa gunia.

"Sasa mjukuu wangu hapigwi na baridi," alisema.

Nyumba ikapata joto. Nthati akamshukuru mama mkwe wake, akajifunika na mtoto wake, akalala.

Alasiri, jirani yao Mzee Sekake alifika, akikanyaga theluji polepole na fimbo yake mkononi. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Alisimama mbali kidogo na mlango, kama inavyompasa mwanamume.

"Amani humu ndani."

"Amani, Ntate," Mama Khauta alijibu kutoka ndani, akimwita baba kwa heshima. "Usisogee. Tete unaliona."

"Naliona. Meno ndiyo yameondoka, macho bado yapo. Nimeleta habari za mwanao. Amenipigia simu."

"Yuko wapi?"

"Dukani, chini ya mlima. Alitaka kupanda hivyo hivyo. Nikamwambia barabara ni barafu tupu, hata akikanyaga breki gari halitamsikiliza. Basi akasema atalala garini, injini ikiwaka, apate joto. Hilo nalo nimemkataza."

"Kwa nini? Unataka mwanangu agande?"

"Theluji ikiziba bomba la moshi, hewa mbaya ya injini inarudi ndani ya gari. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, haamki tena. Migodini tuliiogopa kama nyoka. Nimemwambia amwombe mwenye duka pa kulala."

"Basi umefanya vizuri. Sisi huku tuko salama. Tuna jiko, joto tele."

Mzee Sekake alitazama dirisha. Lilikuwa limezibwa kwa gunia.

"Jiko gani, Mama Khauta?"

"La debe. Usianze maneno yako. Moshi wote uliisha nje. Na maji nimeweka."

"Maji yanafanya kazi gani?"

"Yanakunywa ubaya."

"Hayanywi kitu. Hewa niliyokwambia ndiyo hiyohiyo. Makaa mekundu ndiyo yanayoitoa, hata kama huoni moshi. Nthati yukoje?"

"Amelala. Kichwa kinamuuma tangu mchana, na ametapika. Uchovu wa uzazi huo. Ninyi wanaume mnajua nini?"

"Ya uzazi siyajui, kweli. Na wewe? Kichwa kinakuuma?"

Mama Khauta alijishika paji la uso.

"Kinagonga. Na miguu ni mizito."

"Na wewe nawe umejifungua?"

Mama Khauta alimgeukia mkwe wake, akamwita. Nthati hakufumbua macho. Akamtikisa bega, akamwita tena. Ndipo alipokumbuka kwamba mtoto naye hajalia tangu mchana, na mtoto huyu alikuwa mlizi hasa. Hofu ikamshika.

Akaling'oa blanketi, akaufungua mlango wazi. Akamchukua mtoto, akamtoa nje ndani ya shali yake. Alipotaka kurudi kumbeba Nthati, magoti yalimwishia nguvu, akashikilia mwimo wa mlango. Alimtazama Mzee Sekake. Kisha akanyoosha mkono juu, akalichomoa tete kwenye paa, akalitupa kwenye theluji.

"Sasa hakuna tete," alisema. "Ingia umtoe mwanangu."

Mzee Sekake alivuta pumzi nje, akaibana, akaingia. Alimburuta Nthati juu ya blanketi lake mpaka uani. Akapumzika kidogo, akavuta pumzi nyingine, akarudi kulitoa jiko.

Waliwafunika kwa mablanketi yote waliyokuwa nayo. Mama Khauta alimweka mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akamwachia uso wazi apate hewa. Alimwomba Mungu kwa sauti, bila aibu. Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Muda mfupi baadaye Nthati akafumbua macho na kuuliza mbona yuko nje.

Mzee Sekake alileta farasi wake. Nthati na mama mkwe wake walipelekwa zahanati pamoja na mtoto, mzee akitangulia na kuichoma theluji kwa fimbo kabla ya kila hatua, maana theluji huficha mashimo. Muuguzi aliwawekea hewa safi ya mtungi, akawalaza hapo.

"Mmewahi," alisema. "Mngechelewa kidogo, ningekuwa naandika mambo mengine."

"Nitamtia joto kwa nini sasa?" Mama Khauta aliuliza kwa unyonge ambao hatukuuzoea.

"Kwa mwili wa mama yake, chini ya blanketi. Mvalishe kofia na soksi. Jiko la makaa likae nje siku zote, hata mkiacha dirisha wazi. Mkitaka moto ndani, uwe wa jiko lenye bomba linalotoka juu ya paa."

Barabara ilipofunguliwa, Khauta alipanda mlima taratibu. Njiani aliona gari la mtu aliyekataa kungoja limelala ubavu mtaroni. Mwenye gari alikuwa amevunjika mkono. Khauta alikuwa amenuna dukani alikozuiwa. Aliposimuliwa yaliyotokea nyumbani, alikaa chini kwenye theluji akalia. Baadaye alileta jiko la chuma lenye bomba refu, na kila siku analigonga bomba hilo kuhakikisha halijaziba.

Tete jipya likachomekwa juu ya mlango. Mzee Sekake akarudi kusimama mbali, kama zamani.

Siku moja Mama Khauta alitoka akiwa amebeba bakuli la bluu kwa mikono miwili. Lilijaa uji mchachu wa mtama, wa moto, unafuka mvuke.

"Kunywa, Ntate. Bakuli hili lilikaa bure kando ya jiko. Leo limepata kazi. Na kila asubuhi ya baridi litakuja kwako, mpaka nishindwe kutembea."

"Utanenepesha mzee wa watu."

"Nenepa. Umenipa watu wawili, mimi nakupa uji. Sina kingine kinachotosha."

Ndani, mtoto akaanza kulia, kwa sauti ya kujaza uwanja mzima. Wote wawili waligeuka kuusikiliza mlango. Mzee alikunywa uji wake, Mama Khauta alisimama akitabasamu, na hakuna aliyeharakisha kumnyamazisha.