Gurudumu Lililokunywa Maji

Mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Alikula chapuchapu, alivaa chapuchapu, na mara nyingi vifungo vya shati lake vilikuwa vimekosea matundu. Alikuwa mwashi. Alijenga matangi ya maji, na wateja wake wengi waliishi visiwani. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa na pikapu, mashua ya injini, na trela la magurudumu mawili la kubebea mashua hiyo.

Mkewe aliitwa Nahodha. Siku za kawaida alishona nguo, lakini mashua ikiingia majini yeye ndiye aliyeshika usukani. Nchi kavu aliendesha mume, majini aliendesha mke. Hawakuwahi kugombana juu ya jambo hilo, ingawa waligombana juu ya mengine.

Trela lilikaa uani, nyuma ya nyumba. Kuku walilala chini yake. Kila Jumamosi Chapuchapu aliliosha, kisha akachukua kopo la grisi na kuzipaka zile kofia za chuma zilizo katikati ya magurudumu, mpaka zikang'aa.

"Yamekula, yameshiba," alisema.

Hayakuwa yamekula chochote. Grisi yote ilikuwa nje. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchafua suruali za watu.

Alikuwa na tabia nyingine, na hiyo ndiyo iliyomponza. Kutoka nyumbani hadi ziwani ni mwendo wa saa moja na nusu, na magurudumu hufika yakiwa ya moto. Chapuchapu hakungoja. Alirudi kinyumenyume moja kwa moja hadi majini ili mashua ielee. Maji yalipogusa chuma yalilia tshiii. Aliupenda sana mlio huo.

"Yanakunywa maji," alimwambia mkewe. "Hata wewe ukitoka juani si unataka maji?"

Nahodha alikubali. Yeye pia hakujua.

Baba yake Nahodha, ambaye wote walimwita Babu, aliishi peke yake kisiwani. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli, basi. Watu aliwajua kwa sauti na kwa nyayo. Akisafiri kwenye pikapu ya mkwe wake, alilijua hata trela lilivyonguruma nyuma.

Madaktari wa macho walikuja hospitali ya mjini mara moja kwa mwaka. Mwaka uliopita Babu alikataa kwenda. "Nimeshaona vya kutosha," alisema. Lakini baadaye binti wa Nahodha alijifungua mtoto. Walimpelekea Babu kitukuu chake, akampakata. Alimpapasa pua, akampapasa masikio. Kisha akauliza, "Anafanana na nani?" Watu wakatazamana. Kila mmoja alisema lake. Babu akasema mwaka huu atakwenda hospitali. Nahodha alitoka nje akalia.

Madaktari wangeandikisha wagonjwa Jumatano, na Alhamisi hadi saa sita mchana. Baada ya hapo, mpaka mwaka ujao. Boti ya abiria ilifika kisiwani Jumamosi tu. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, Chapuchapu na Nahodha walifunga trela nyuma ya pikapu ili wakamlete Babu.

Walipofika barabara kuu, Nahodha aliinamisha kichwa.

"Unasikia? Linanguruma kuliko wiki iliyopita."

"Limezeeka. Wazee hukoroma."

"Wazee hukoroma wakilala. Hili linakoroma likitembea."

Chapuchapu aliongeza sauti ya redio.

Baada ya nusu saa dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao aliwasha na kuzima taa, akapiga honi. Chapuchapu alitazama kioo. Moshi ulitoka kwenye gurudumu la kushoto la trela. Alisimama kando ya barabara. Gurudumu lilikuwa limelalia upande mmoja, na harufu ya kuungua ilijaa kila mahali. Alichomoa ndoo ndani ya mashua. Ilikuwa na maji.

"Weka ndoo chini!"

Aliyepiga kelele alikuwa mwanamke mfupi mwenye ovaroli ya bluu, akivuka barabara kutoka karakana ya matrekta. Mkononi alikuwa na spana.

"Nalipoza," alisema Chapuchapu.

"Hulipozi, unalimaliza. Mimi ndiye fundi wa hapo. Liache lipoe lenyewe. Na usiliguse, litakubabua."

Walikaa kwenye tairi kuukuu wakingoja. Nahodha alimweleza Fundi habari za Babu, za madaktari, na za saa sita ya Alhamisi. Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa, hakutoa pole ndefu. Chapuchapu aliinuka mara nne kutazama saa, ingawa saa ilikuwa kwenye mkono wake mwenyewe.

Gurudumu lilipopoa, Fundi aliweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la pili ili trela lisitembee. Alilegeza nati za tairi, kisha akaliinua trela kwa jeki na kulitegemeza kwa gogo. Alitoa tairi, akagongagonga kofia ya chuma mpaka ikatoka.

"Nani alipaka grisi huku nje?"

"Mimi," Chapuchapu alisema, kwa fahari kidogo.

"Shemeji, hii ni sawa na kujipaka uji mashavuni ukidhani umekula."

Nahodha alicheka hadi akashika mbavu. Chapuchapu hakucheka.

Fundi alichomoa pini, akafungua nati kubwa, kisha akavuta kile kipande cha chuma kinachozunguka katikati ya gurudumu. "Hiki tunakiita habu," alisema. "Ndani ya habu mna beringi mbili. Ndogo huku mbele, kubwa huko nyuma. Kazi yake ni kuliachia gurudumu lizunguke bila chuma kusaga chuma."

Alichungulia ndani. Grisi nzuri ni laini na nzito. Iliyokuwa ndani ilikuwa nyepesi, ya kijivu, kama matope ya bombani. Beringi moja ilikuwa imevunjika. Vile vipande vidogo vya chuma vinavyobiringika ndani yake vilikuwa vimeliwa na kutu.

"Maji," alisema Fundi. "Mnaingizaje trela ziwani?"

Chapuchapu alieleza. Alieleza hadi ule mlio wa tshiii.

"Umewahi kufunika sufuria ya moto, ikapoa, kifuniko kikang'ang'ania?"

"Mara nyingi."

"Basi ni hivyo hivyo. Habu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyobaki inasinyaa ghafla. Habu inavuta kwa nguvu ili kujaza nafasi. Itavuta nini? Maji ya ziwa. Huku nyuma kuna sili, huu mpira wa kuzuia maji na uchafu. Lakini sili iliyochakaa haizuii kitu. Kila ukisikia tshiii, unaiosha grisi na kuleta kutu."

Chapuchapu alitazama chini. Alihesabu moyoni safari zote za miaka mitatu, na mashavu yakamwaka kwa aibu.

"Nahodha," alisema polepole, "nimeliua mimi."

"Halijafa," alisema Fundi. Alifuta ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu, kwa kitambaa, akaipapasa kwa kidole. "Ekseli haijakwaruzika sana. Mmesimama kwa wakati. Mngekwenda mwendo mwingine kama huo, gurudumu lingechomoka na kuwapita mbele, na mashua ingelala barabarani. Sasa tufungue na la kulia."

"La kulia halina shida!" Chapuchapu aliruka. "Halikutoa moshi. Fundi, tafadhali, mzee anangoja ufukweni tangu asubuhi!"

"Yamekwenda safari zilezile. Yamezamishwa maji yaleyale."

Chapuchapu alimgeukia mkewe. Baba alikuwa wa Nahodha, na macho yalikuwa ya baba yake. Nahodha alitazama barabara ya kwenda ziwani. Alitaka kusema twende. Kisha akalifikiria gurudumu likichomoka wakati wa kurudi, Babu akiwa ndani ya pikapu.

"Fungua," alimwambia Fundi.

Humo mlikuwa na grisi ya kijivu pia. Beringi hazikuwa zimevunjika, lakini zilikuwa na vidoadoa vya kutu. Fundi alizungusha moja kidoleni karibu na sikio la Chapuchapu. Ilikwaruza kama mchanga kati ya meno.

"Hii ingefika wapi?" Fundi aliuliza.

Chapuchapu alirudi kuketi kwenye tairi kuukuu.

"Duka la vipuri liko njia panda," Fundi aliendelea. "Mwende na hizi za zamani mkononi. Namba imeandikwa ubavuni. Msiseme tu mnataka za trela, matrela hayalingani. Mnunue beringi pamoja na vikombe vyake vya chuma, sili mpya, pini mpya, na grisi isiyooshwa na maji."

Chapuchapu alikuwa ameshachukua funguo za gari.

"Wewe baki," alisema Fundi. "Lazima ujifunze."

Kwa hiyo waliachanisha pikapu na trela, na siku hiyo Nahodha aliendesha nchi kavu. Chapuchapu alibaki, akaosha habu zote mbili kwa mafuta ya taa hadi zikawa safi kama sahani. Fundi alimwonyesha vikombe vya zamani vilivyobaki ndani ya habu, vile ambavyo beringi hubiringika juu yake. Waliviondoa kwa nyundo na kipande cha chuma.

"Beringi mpya haikai kwenye kikombe kikuukuu," Fundi alisema. "Italika mara moja."

Nahodha aliporudi na vipuri, waligonga vikombe vipya hadi vikakaa sawasawa. Kisha Fundi alimwekea Chapuchapu bonge la grisi kiganjani.

"Shika beringi. Upande mpana uuelekeze kwenye grisi. Isukume, isukume, hadi grisi itokeze upande wa pili. Usipake juu juu. Zungusha, rudia."

Chapuchapu alisukuma chapuchapu. Fundi aliichukua beringi, akaichokonoa kwa kucha. Katikati ilikuwa kavu. Akamrudishia. Mara ya pili alikwenda polepole. Grisi ilitokeza kwenye kila nafasi, kama unga unaopita kwenye chekeche. Alistaajabu jinsi beringi ndogo ilivyomeza grisi nyingi.

"Hapo imekula," Fundi alisema.

Waliweka beringi kubwa, kisha sili mpya, wakaigonga kwa kipande cha ubao isipinde. Waliirudisha habu kwenye ekseli, wakaweka beringi ndogo na nati. Fundi alimwambia aikaze nati huku akizungusha habu, kisha ailegeze kidogo, halafu aikaze tena kwa vidole tu.

"Ukikaza sana, itaungua. Ukilegeza sana, gurudumu litayumba. Sasa pini mpya, uipinde, nati isifunguke. Rudisha kofia na tairi. Lishike juu na chini, ulitikise."

Halikucheza. Alilizungusha. Lilizunguka kimya. Walifanya vivyo hivyo upande wa pili.

"Mkifika ziwani, kazeni tena nati za tairi," Fundi alisema akinawa mikono. "Kila mkisimama, sogeza kiganja karibu na habu. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuigusa, kuna tatizo. Na kabla ya kuingia majini, ngojeni ipoe. Kila mwaka fungua, osha, weka grisi mpya. Ukisikia mngurumo, usiongeze redio."

Chapuchapu alimkodolea mkewe macho. "Umemwambia?"

"Sikusema kitu," alisema Nahodha.

"Wote huongeza redio," alisema Fundi.

Walifika ziwani saa tisa alasiri. Chapuchapu alikaza nati, kisha akageuza gari na kuelekeza trela majini. Mguu ulikuwa tayari juu ya pedali. Kisiwa kilionekana, na Babu alikuwa huko akingoja. Alizima injini. Alishuka, akaweka kiganja kwenye habu ya kushoto, kisha ya kulia. Zilikuwa na joto la bakuli la uji.

Akaketi chini. Nahodha akaketi kando yake. Walingoja nusu saa nzima, na hakuna kazi iliyowahi kumchosha Chapuchapu kama ile. Habu zilipopoa, walishusha mashua. Hakukuwa na mlio wowote.

Babu alikuwa ufukweni, amevaa koti lake zuri, begi miguuni.

"Nilidhani mmenisahau," alisema.

"Tulikuwa shule, baba," alijibu Nahodha.

Waliporudi nchi kavu, waliipandisha mashua kwenye trela na kuondoka. Jua lilikuwa bado halijatua. Babu alikaa katikati yao. Alikuwa ametega sikio. Ghafla alimshika Chapuchapu mkono.

"Mkwe, simama! Mmeliacha trela!"

"Liko nyuma, baba."

"Mbona silisikii?"

Chapuchapu alicheka peke yake, mara ya kwanza siku hiyo.

Alhamisi saa tatu asubuhi jina la Babu liliandikwa. Mchana alipasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilipangiwa mwaka ujao. Kesho yake walimfungua bendeji, na jioni alikuwa ameketi sebuleni kwa Nahodha. Walimpa kitukuu chake. Babu alimshika mbele ya dirisha akamtazama pua, akamtazama masikio, kwa muda mrefu. Mtoto alimtazama pia, kisha akaanza kupiga mateke na kulia apewe maziwa, tena sasa hivi.

Kupitia dirishani Babu alimwona mkwe wake uani, amepiga magoti kando ya trela, kiganja kwenye gurudumu, ametulia tuli.

"Anafanana na Chapuchapu," alisema Babu, machozi yakimtiririka. "Basi naye atajifunza kungoja."