Jina Alilopewa Harleen

Sweta la kijani lilikuwa moja tu katika lundo lile la mitumba, na Harleen alipolivuta, kuna mtu upande wa pili naye akalivuta. Ilikuwa Jumamosi, soko la Kitale limefurika, wachuuzi wanaitana kwa fujo, na baridi imemwingia msichana huyu wa Ludhiana, India, hadi mifupani.

"Madam, achilia," kijana alisema akitabasamu. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa na madoa ya grisi.

"Achilia wewe. Mimi ndiye nasikia baridi."

"Ati unajua Kiswahili! Nani amekufunza?"

"Mama yangu wa Bungoma."

"Haya basi, chukua. Lakini utanipea namba."

"Kwani sweta ni lako?"

Kijana alicheka mpaka mwenye mitumba naye akacheka. Namba ikatolewa.

Aliitwa Derrick, fundi wa pampu za maji huko Kibomet, karibu na Kitale. Harleen alikuwa amekuja kusomea kilimo kwa miezi minane katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, na chuo kilikuwa kimempa makao Bungoma, kwa Mama Sellah, mjane mwenye sauti kubwa na binti mmoja, Ivy, wa kidato cha tatu. Kila Jumamosi Harleen alidai anakwenda Kitale kutazama mashamba. Mashamba gani! Ivy peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Jioni nyingine zote zilikuwa za simu.

"Sasa, malkia wa Ludhiana?"

"Poa. Umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Sauti yako ndiyo ilikuwa imebaki."

"Muongo wewe."

"Si uongo, bana. Agosti ukienda, nitafanya nini na hizi jioni?"

Harleen alitaka aambiwe arudi, na Derrick alikuwa hajasema.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Juni. Mama Sellah alimsimamisha kanisani, Harleen amevaa shalwar, suruali pana ya kwao, ya rangi ya waridi, na mtandio kichwani. "Huyu si mgeni tena," alitangaza. "Nimempa jina la mama yangu, Nafula. Kuanzia leo ni binti wa Basime, ukoo wa marehemu mzee wangu." Vigelegele vikapasua paa. Harleen alilia kwa furaha, kwa maana tangu aondoke kwao hakuna aliyemkumbatia namna ile. Nje ya mlango wa kanisa akampigia Derrick.

"Nimepewa jina! Mimi ni Nafula, binti wa Basime!"

"Hongera," Derrick alisema, na simu ikakatika.

Hakupiga tena. Harleen alipiga, ikaita bila kupokelewa. Wiki tatu alitembea na simu mkononi hata akienda kuteka maji. Alimtamani mpaka chakula kikamshinda. Ivy akamwonea huruma.

"Nimejua jana tu. Derrick ni Msime, wa Basime hao hao. Shangazi yake Linah alikuwa pale kanisani, akapiga vigelegele kuliko wote. Si sasa wewe ni dada yake? Hata kukushika mkono ni aibu."

Mgeni mwingine angecheka. Harleen hakucheka, maana hata kwao Punjab watu wa ukoo mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Alikwenda jikoni moja kwa moja, Mama Sellah akiwa anakata sukuma wiki.

"Mama, kuna kijana nampenda. Ni Msime."

Kisu kilisimama. "Wa wapi?"

"Kibomet. Nilikuficha, nisamehe. Nampenda, mama, na wewe pia nakupenda."

Mama Sellah alikiweka kisu chini, akafuta mikono kwa leso. "Dada haolewi na kaka yake," alisema. "Mgeni anaolewa."

Jumapili iliyofuata alisimama tena mbele ya kanisa. "Nilikuwa na haraka. Jina nililompa nimelichukua tena. Harleen ni mgeni wangu." Waliokaa nyuma hawakumsikia vizuri.

Alasiri Derrick, aliyepashwa habari na Shangazi Linah, alikuwa langoni, shati jeupe limepigwa pasi.

"Ungeniambia!" Harleen alimfokea.

"Ningesema nini? Ati pole, umekuwa dada yangu? Nilikuwa nashika simu, naiweka chini."

"Wiki tatu, Derrick!"

"Nilikosea, mpenzi. Nisamehe." Akashusha pumzi. "Nenda Agosti, lakini urudi. Nataka kukuoa. Wazee wangu wataongea na babako."

"Baba anauliza maswali mengi."

"Nitajibu yote."

Harleen aliingia ndani akiwa na furaha isiyomwenea kifuani. Jioni Ivy akamletea chakula sebuleni, kwenye sahani za maua za wageni, kisha akarudi jikoni kula na mamake. Harleen aliwasikia wakiongea. Akabeba sahani yake hadi mlangoni.

"Mama, naweza kuingia?"

"Mgeni hali jikoni." Macho ya Mama Sellah yalikuwa mekundu. "Kula huko, Harleen. Siku Derrick atakuoa utakuwa mke wa mwanangu, maana kila Msime ni mwana wa mzee wangu. Hapo utaingia jikoni kwangu bila kuuliza mtu."

"Ni lini, mama?"

"Muulize yeye. Mwambie mimi nazeeka."

Harleen akarudi sebuleni, akala peke yake. Simu ilipolia hakuisubiri imalize mlio wa kwanza.

"Derrick," alisema, "waone wazee kesho."