Barua ya Fundi Saa

Foleni ya posta siku ile ilikuwa imefika mlangoni, na gundi ya stempu ilikuwa imekauka koponi. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, viatu vimeganda tope jekundu, alitazama saa yake akashusha pumzi.

"Usijipe moyo," akasema msichana aliyekuwa mbele yake. "Saa yako iko nyuma. Dirisha linafungwa sasa hivi."

"Umejuaje?"

"Naisikia. Inachechemea."

Msichana alikuwa fundi saa, mwenye kibanda jirani na posta. Alivaa gauni la manjano, na shingoni, badala ya mkufu, alining'iniza kioo cha kukuzia. Kijana alikuwa mpima ardhi katika kambi ya bwawa jipya, huko ambako simu haishiki mtandao. Alimwachia saa aitengeneze, na tangu hapo kila aliposhuka mjini saa ile ilikuwa na ugonjwa mpya.

"Mpimaji, saa hii ni nzima."

"Basi mwangalie mwenye saa."

Akiwa kambini alimwandikia barua. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nasema wazi kwamba hawakuyaharibu wao. Habari zilikuwa zimevuja kuwa ukuta wa bwawa umepata ufa kabla hata maji hayajajaa. Wakubwa wakapandwa na hasira, si kwa ajili ya ufa, bali kwa aliyeusema. Kuanzia hapo kila barua kutoka kambini ilipitia chumba kimoja nyuma ya posta, ikafunguliwa kwa mvuke, ikasomwa, ikafungwa tena.

Siku moja Fundi alichana bahasha yenye mwandiko alioupenda. Ndani akakuta: "Mke wangu, usinune. Shali uliyoitaka nimeipata. Huyo msichana wa mjini asikunyime usingizi, wewe ndiye wa kwanza."

Alilia mpaka akachoka, kisha akanawa uso, akarudi kwenye saa za watu.

Mpimaji aliposhuka, alikuta saa yake mezani, imefungwa kwenye karatasi.

"Fundi wangu, kulikoni?"

"Mke wako hajambo?"

"Mke yupi?"

"Wa shali."

Kabla Mpimaji hajajitetea simu yake ikaita, na sauti ya bibi yake ikasikika kibanda kizima.

"Wewe mume wangu, umerukwa na akili? Unaniandikia mambo haya mimi, na meno yangu haya mawili?"

"Mambo gani, bibi?"

"Hayo siyasemi kwenye simu. Na shali yangu iko wapi?"

Fundi akaketi. Akacheka huku hasira haijamtoka, kwa maana hata yeye babu yake alimwita mke wangu mpaka siku aliyozikwa. Kisha kicheko kikamkauka.

"Ulichanganya bahasha?"

"Hapana. Yako niliifunga kwanza, ndipo nikaanza kuandika ya bibi."

"Basi kuna mtu alizifungua zote mbili meza moja." Akaitazama barua ile kana kwamba ina alama za vidole vya mtu. "Yangu ilisemaje?"

"Ni yako. Utaisoma mwenyewe."

Hakuisoma. Shangazi yake Fundi, wakili asiye na maneno mengi, aliichukua kwa bibi pamoja na bahasha yake, akaifungia kabatini iwe kielelezo.

"Katiba inalinda barua ya mtu," akawaambia. "Tunaweza kushtaki. Lakini Mpimaji, watasema wewe ndiye uliyevujisha habari za ufa. Wakikubaliwa, ni jela. Bado unaweza kuacha."

Mpimaji akamgeukia Fundi. "Naogopa."

"Hata mimi."

Wakashtaki. Mpimaji akasimamishwa kazi. Gari moja jeusi likawa linashinda mbele ya kibanda, vioo vimepandishwa, na wateja wakapungua. Fundi naye, jambo ambalo hakulitaka, akaanza kujiuliza kwa nini mwenzake hataki kumwambia kilichomo katika barua ile.

"Umeandika habari za ukuta humo?"

"Hapana."

"Niapie."

"Fundi wangu, na wewe unanichunguza?"

Hawakusemeshana mpaka siku ya kesi.

Mahakama ilijaa. Wakili wa serikali, suti ya kijivu iliyonyooka, hakukana kwamba barua zilifunguliwa. Alisema ni usalama wa taifa, kwamba ndani ya barua ile mna siri za bwawa, na akaomba isomwe mbele ya wote. Jaji akakubali. Mpimaji akainamisha kichwa. Fundi aliuona uso ule. Kumbe ni kweli, aliwaza, atatoka hapa na pingu.

Akasimama. "Mheshimiwa, barua ni yangu. Kama ni lazima, niisome mimi."

Akapewa. Mikono iliyozoea skrubu ndogo ikaikunjua karatasi.

"'Fundi wangu, leo nimepima kilima kimoja mara tatu kwa sababu ya kukuwaza. Saa yangu haijawahi kuharibika tena tangu ulipoitengeneza mara ya kwanza. Nilikuwa naisimamisha mwenyewe, kwa kuona aibu kuja kwako bila sababu.'"

Akainua macho kumtazama Mpimaji.

"Endelea," akasema wakili wa serikali. "Au hapo ndipo penye siri?"

"'Nimechoka kutafuta sababu. Nataka niwe nakuja kwako kwa kuwa ni kwangu. Utakubali nikuoe?'"

"Mimi nilishakubali," akasema bibi kutoka benchi la mbele, shali mpya mabegani, na mahakama ikaangua kicheko. Wakili wa serikali alijishughulisha na karatasi zake.

"Una la kuongeza?" jaji akauliza.

"Ninalo, mheshimiwa. Swali hili nilipaswa kulisoma peke yangu, mlango umefungwa. Limesomwa kwanza na watu nisiowajua, na leo mmelisikia nyote. Jibu lake hamtalipata."

Akamwendea Mpimaji, akainama, akaziba mdomo kwa kiganja na kumnong'oneza sikioni. Mpimaji akafumba macho. Benchi la nyuma lote likasogea mbele, na wakili wa serikali akanyoosha shingo.

Mimi ninayewasimulia nililisikia jibu lile, neno kwa neno. Siwaambii.